Nani Anakula Umeme wa Nyumba Hii?

Kila asubuhi Shamso alianza siku kwa kusikiliza ukuta.

Aliswali alfajiri, akakunja msala, kisha akaweka sikio kwenye ukuta wa chumba chake. Ukuta ulikuwa unavuma. Vuuuu! Haukunyamaza hata kidogo.

"Kiyoyozi," alijiambia. "Wallahi, yule mwanamke amenunuliwa kiyoyozi."

Yule mwanamke alikuwa Ilhan, mke wa pili wa mumewe, Gelle. Nyumba yao iko Waberi, mjini Garissa. Ina orofa mbili. Shamso, mke mkubwa, anakaa chini. Ilhan anakaa juu. Ngazi ya kwenda juu iko nje, nyuma ya nyumba. Tangu Ilhan aolewe, Shamso hakuwahi kupanda ngazi ile. Apande akatafute nini? Wakikutana uani walisalimiana vizuri, salamu ndefu ya Kiislamu, kisha kila mmoja alifunga mlango wake.

Sasa wewe unalijua joto la Garissa. Mchana huwezi kushika kitasa cha mlango wa chuma. Mke anayelala na kiyoyozi katika mji huu, huyo amependwa. Shamso alilala na feni kuukuu yenye ubawa mmoja uliopinda. Kwa hiyo kila ukuta ulipovuma, moyo wake ulichomeka.

Shamso hakuwa mtu wa kukaa bure. Alikuwa na friza kubwa nyeupe karibu na mlango. Maziwa ya ngamia yalimfikia kila siku kwa gari kutoka upande wa Habaswein. Aliyachemsha, akayapoza, akayauza baridi. Aliuza barafu pia. Friza ile ndiyo ilimsomesha binti yake Nasteho chuoni Nairobi. Bila friza, Nasteho angerudi nyumbani.

Ilhan naye alishona nguo za harusi. Cherehani yake ilikuwa ya umeme, na pasi yake ilikuwa nzito. Wateja wake walipanda ngazi wakiwa wamejifukiza udi, wakashuka wakicheka. Shamso aliwahesabia vicheko vyao.

Nyumba nzima ilikuwa na mita moja ya umeme, ya kununua tokeni. Gelle ndiye aliyenunua. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, leo yuko Garissa, kesho yuko soko la Griftu. Zamani akinunua tokeni, alisahau habari ya umeme kwa muda mrefu. Lakini mwaka huu mambo yalibadilika. Akiingiza tokeni, anageuka hivi, tayari mita inalia kwamba umeme unaisha.

Siku moja umeme ulikatika mchana. Maziwa yalianza kupata joto ndani ya friza. Shamso alimpigia mumewe simu huku jasho linamtoka.

"Gelle, umeme umekwisha tena!"

"Umekwisha? Si nilinunua juzi tu?"

"Muulize huyo wako wa juu. Mwambie azime kiyoyozi chake."

"Kiyoyozi gani?"

"Usinifanye mjinga, Gelle. Nina masikio."

Gelle alikuwa sokoni Griftu, ngamia wanaguna pande zote. Alichoka. "Sikiliza, Shamso," alisema. "Nimechoka kulisha hiyo nyumba umeme. Kuna mwenye hoteli wa Habaswein anataka friza. Nikija naja naye. Ile friza yako nitaiuza."

"Friza yangu? Kwa nini friza yangu?"

"Kwa sababu ndiyo mashine kubwa kuliko zote. Hata mtoto anajua."

Simu ikakatika. Shamso alikaa chini kwenye mkeka. Friza yake iuzwe, na yule wa juu abaki na kiyoyozi chake! Alilia kwa hasira. Alipofuta macho, aliona kitu kimoja cha kumtuliza. Kupitia lango lililo wazi aliona mfereji wake.

Mfereji huo wa koki ulikuwa nje ya lango, barabarani. Shamso aliuweka mama yake alipofariki, uwe sadaka. Mpita njia alikunywa. Watoto wa madrasa walinawa miguu. Mbuzi wa mtaa walikunywa katika beseni la saruji. Na ajabu ni kwamba, kuanzia lango hadi kwenye mfereji, majani mabichi yaliota. Waberi yote ni mchanga na vumbi, lakini pale palikuwa pabichi. Mbuzi walilala hapo mchana kutwa kwa sababu ya ubaridi.

"Hiyo ni baraka," Shamso alipenda kuwaambia majirani. "Mungu ameikubali sadaka ya mama yangu." Na kama Ilhan alikuwa karibu, alipandisha sauti. "Baraka haiendi kwa kila mtu!"

Ilhan alisikia. Alivuta ushungi wake, akapanda ngazi. Naye alikuwa na moyo wake.

Jioni hiyo Gelle alituma tokeni ndogo, umeme ukarudi. Shamso hakungoja. Alivaa buibui akaenda nyumba ya jirani, kwa Kowsar.

Kowsar alikuwa msimamizi wa majengo ya bweni moja la chuo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba taa, maji, milango na vyoo vinafanya kazi, na kwamba gharama hazipandi ovyo. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, na hakuona haya kujisifu.

"Abaayo Kowsar, dada yangu, nisaidie," Shamso alisema. "Nataka uniambie jinsi ya kumkamata mtu anayekula umeme."

"Kumkamata nani?"

"Ilhan."

Kowsar alicheka mpaka chai ikamwagika. "Ai, Shamso! Mimi sikamati wanawake. Mimi nakamata umeme. Bweni langu lina vyumba vingi kuliko mtaa huu, na hakuna yuniti inayonipotea. Haye, niambie. Bili ya maji je? Nayo imepanda?"

"Maji? Maji yanahusu nini? Mimi naongea umeme."

"Jibu swali."

Shamso alifikiri. Ujumbe wa bili ya maji huenda kwenye simu ya Gelle. Alikumbuka Gelle akilalamika. "Ndiyo, imepanda. Alisema maji ya siku hizi ni ghali."

Kowsar aliweka kikombe chini. Hakucheka tena. "Maji na umeme vimepanda pamoja? Basi kesho nitakuja. Na Ilhan awepo. Sifanyi kazi ya nusu nyumba."

Usiku ule Shamso hakufurahia jambo hilo hata kidogo. Ilhan awepo? Lakini friza ilikuwa friza. Asubuhi alisimama uani akaita juu, "Ilhan! Teremka. Kuna mtu wa umeme."

Ilhan aliteremka haraka, tepu ya kupimia nguo shingoni. "Afadhali," alisema. "Na mimi nataka ukweli ujulikane."

"Utajulikana tu," Shamso alijibu, na wote wawili wakatabasamu vibaya.

Kowsar aliwapeleka mbele ya mita. "Tazameni hapa. Mnaona hii taa ndogo nyekundu? Inapepesa. Kila inapopepesa, umeme unatumika. Ikipepesa upesi, mnatumia mwingi. Ikipepesa polepole, mnatumia kidogo. Kila kitu kikizimwa, taa haipepesi. Mmeelewa?"

"Tumeelewa."

"Basi zimeni kila kitu. Si taa tu. Chomoeni feni, simu, redio, cherehani, friza."

"Friza?" Shamso alishtuka. "Maziwa yangu yataharibika!"

"Usifungue mfuniko. Friza iliyofungwa hukaa na baridi yake saa nyingi. Chomoa."

Shamso alichomoa friza. Alipotoka, Kowsar alimsukuma kuelekea ngazi. "Sasa wewe panda ukakague kwa Ilhan, na Ilhan aingie akague kwako. Ili baadaye mtu asiseme mwenzake ameficha kitu."

Ya Rabi! Shamso alipanda ngazi ile kwa mara ya kwanza. Alijitayarisha kukiona kiyoyozi. Pengine kipya. Pengine cheupe, chenye taa za buluu.

Aliingia. Aliangalia ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Aliangalia hata nyuma ya pazia. Hapakuwa na kiyoyozi. Palikuwa na cherehani, pasi, nguo nyingi zinazometameta, na feni. Feni yenyewe ilikuwa kama ya kwake, kuukuu vilevile. Walinunuliwa za namna moja.

Mapazia tu ndiyo yalikuwa mazuri kuliko yake. Hilo Shamso aliliona, na halikumpendeza.

Alishuka. Ilhan naye alitoka chumba cha chini. Taa ya mita ilikuwa bado inapepesa. Tena upesi.

"Mmezima vyote?" Kowsar aliuliza.

"Vyote."

"Basi nani anakula umeme?"

Mashine zote zikiwa zimezimwa, wote watatu walisikia. Vuuuu!

"Sauti hiyo!" Shamso alipiga kelele. "Hiyo ndiyo naisikia kila siku! Nilidhani ni kiyoyozi chako, Ilhan!"

Ilhan alitoa macho. "Kiyoyozi changu? Mimi nilidhani ni friza yako! Inanivumia kichwani mchana na jioni. Nikasema, huyu ana friza ya ukubwa gani, inayotetemesha nyumba nzima?"

"Nyinyi wawili nifuateni," Kowsar alisema.

Chini ya ngazi palikuwa na kijichumba chenye mlango wa bati. Kowsar alivuta mlango. Ndani, karibu na tanki la chini, pampu ya maji ilikuwa inafanya kazi. Alipoigusa, aliondoa mkono upesi. Ilikuwa ya moto.

"Huyu hapa mla umeme wenu," alisema. "Pampu inapandisha maji kwenye tanki la juu ya paa. Bomba lake limepita ndani ya ukuta, ndiyo maana mnasikia vyumba vyote viwili. Tanki la juu likijaa, boya linainuka na pampu inazima yenyewe. Nyumba kama hii, pampu ifanye kazi kidogo asubuhi na kidogo jioni. Kwa nini yenu haizimi?"

"Imeharibika?" Ilhan aliuliza.

"Ingekuwa boya limeharibika, tanki lingefurika na maji yangemwagika paani. Paa ni kavu. Maana yake tanki halijai. Maji yanapanda, na maji yanaondoka. Yanakwenda mahali. Sasa mmenielewa kwa nini nilimwuliza Shamso habari ya maji? Bili ya maji na ya umeme zikipanda pamoja, usigombane na mtu. Kaangalie pampu, kisha tafuta maji yanakovujia."

Alipanda paani. Kutoka kwenye tanki, mabomba matatu yaliteremka, kila moja na koki yake. La kwanza lilikwenda kwa Ilhan, la pili kwa Shamso, la tatu langoni. Kowsar alifunga koki ya Ilhan. Wakangoja. Pampu iliendelea kuvuma. Aliifungua, akafunga ya Shamso. Wakangoja tena, na Ilhan alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Pampu iliendelea kuvuma. Basi akafunga koki ya langoni.

Wakati huu walingoja sana. Kowsar alikaa paani akitazama tanki. Kisha mvumo ukapungua, ukakatika. Nyumba ikawa kimya kabisa. Wakakimbilia mita. Taa ya mita ilikuwa imeacha kupepesa.

Shamso alielewa kabla ya kuambiwa. Bomba la langoni lilikuwa na kazi moja tu. Lilipeleka maji kwenye mfereji wa mama yake.

"Hapana," alisema.

Kowsar alikuwa tayari langoni, anafukuza mbuzi. "Fundi wangu huyu hapa amefika na jembe. Tutachimba hapa, penye majani."

"Hamchimbi!" Shamso alisimama juu ya majani na kutandaza mikono. "Hii ni sadaka ya marehemu mama yangu. Haya majani ni baraka!"

"Shamso, walaal, ndugu yangu," Kowsar alisema, na sauti yake ilipoa kidogo. "Sadaka ni maji yanayofika kinywani. Haya hayafiki kinywani mwa mtu. Yanazama mchangani."

Shamso hakuondoka. Alikuwa anamfikiria Ilhan aliyesimama nyuma yake. Mara ngapi amempigia kelele ya baraka? Sasa akisogea, baraka yake yote itakuwa bomba lililopasuka. Na yule atacheka mpaka mwisho wa mwaka.

Wakati huohuo gari dogo la mizigo lilisimama barabarani. Gelle aliteremka. Nyuma yake aliteremka mtu wa kitambi mwenye kamba begani. Ndiye mwenye hoteli wa Habaswein. Kamba ilikuwa ya kufungia friza.

"Asalaam aleikum. Friza iko tayari?" Gelle aliuliza, kisha akashangaa. "Mbona mmejaa nje?"

Shamso aliitazama kamba. Alimwona Nasteho akirudi nyumbani na sanduku lake. Akatoka juu ya majani.

"Friza haiuzwi," alisema. "Si friza. Si Ilhan. Ni mfereji wangu. Bomba linavuja chini ya majani haya, na pampu haizimi kwa sababu hiyo. Fundi, chimba."

Fundi alichimba. Hakufika mbali. Koki ya langoni ilipofunguliwa tena, maji yaliruka, yakamlowesha mwenye hoteli viatu. Bomba lilikuwa limepasuka mahali magari hupita juu yake.

Ilhan hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Abaayo Shamso," alisema polepole. "Mimi ndiye niliyemwambia Gelle auze friza. Nilimwambia kila siku."

"Wewe?" Damu ilimpanda Shamso. "Ulitaka kunikata riziki?"

"Naye Shamso alinipigia simu Griftu," Gelle aliingilia, "nimwambie Ilhan azime kiyoyozi. Nilikaa katikati ya ngamia najiuliza, kiyoyozi gani?"

Ilhan alimgeukia mwenzake. Wakatazamana kwa hasira. Kisha Ilhan akasema, "Kiyoyozi! Ningekuwa nacho, ningekuwa mweusi hivi kwa jua?" Shamso alijaribu kununa, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani.

Kowsar hakuwapa nafasi ya kupumua. "Chekeni, lakini kazi haijaisha. Gelle, umeme unalipa wewe. Je, unajua nani anatumia kiasi gani?"

"Sijui. Nanunua tu."

"Ndiyo kosa lako. Ulitaka kuuza friza kwa sababu ni kubwa. Umeipima? Funga mita ndogo tatu: ya chini, ya juu, na ya pampu. Mita ya maji iko tayari pale nje, hamjawahi hata kuinua kifuniko chake. Kila Jumatatu asubuhi, wakati uleule, zisomwe zote. Andikeni kwa chaki hapa ukutani, kila mtu aone. Namba ya leo toa namba ya Jumatatu iliyopita, hayo ndiyo matumizi ya wiki. Namba ikiruka ghafla, ulizeni mapema. Msingoje mpaka giza."

"Na nani atasoma?" Gelle aliuliza.

"Mimi," Shamso alisema.

"Mimi," Ilhan alisema papo hapo.

"Someni wote wawili," Kowsar alisema. "Hapo hakuna atakayedanganya."

Mwenye hoteli alirudi Habaswein na kamba yake. Fundi alibadilisha bomba, akaliweka chini zaidi na kulifunika kwa matofali magari yasilivunje. Mfereji ukabadilishwa pia. Ukaletwa ule unaojifunga ukiacha kuubonyeza.

Majani yalikauka. Mbuzi walikuja mara moja, wakanusa mchanga, wakahamia kivuli cha nyumba nyingine. Asubuhi moja Shamso alisimama langoni akiyatazama majani makavu. Ilhan alimwona kutoka juu. Baadaye alishuka, akasugua beseni la saruji na kulijaza maji kwa ndoo yake. "Na mama yangu pia amefariki," alisema bila kumtazama. "Naomba nilijaze mimi siku moja moja."

Shamso alifikiri kidogo. Kugawa thawabu! "Ijumaa ni yangu," alisema mwishowe. "Siku nyingine chukua."

Tokeni ya Gelle sasa ilidumu kama zamani. Bili ya maji ilishuka. Namba za chaki zilionyesha kwamba friza hula kwa kiasi, na kwamba pampu husinzia karibu siku nzima. Zilionyesha pia kwamba pasi ya Ilhan hula zaidi kuliko alivyodhani. Ilhan alianza kukusanya nguo na kuzipiga pasi kwa pamoja badala ya moja moja. Shamso naye aliyeyusha barafu iliyoganda kwenye kuta za friza, na akaisogeza mbali na ukuta ipate hewa. Hakufanya hivyo kwa sababu ya Gelle. Alitaka namba yake ishuke zaidi ya ile ya juu.

Jumatatu moja, baada ya alfajiri, Shamso alikunja msala akaweka sikio ukutani. Ukuta ulikuwa kimya. Hakuna mvumo. Na kwa sababu ya ukimya huo, alisikia kitu ambacho pampu ilikuwa ikikifunika siku zote. Gelle alikuwa juu, ilikuwa zamu ya Ilhan, nao walikuwa wanacheka.

Moyo wake ulichomeka palepale pa zamani. Bomba hutengenezwa, lakini moyo hauna fundi.

Alitoka nje, akasoma mita ya chini na mita ya juu. Alipiga hesabu mara mbili. Kisha akachukua chaki na kuandika namba yake ukutani, kubwa kabisa, na ya Ilhan pembeni. Wiki hiyo yake ilikuwa ndogo. Lakini taa ya mita ya juu ilikuwa inapepesa upesi, kupita kiasi cha feni na simu. Shamso aliinua uso.

"Ilhan!" aliita. "Umesahau pasi!"

Kicheko kilikatika. Miguu ilikimbia juu ya dari. "Ya Rabi, gauni la harusi!" Ilhan alilia. Taa ya mita ikapunguza mwendo. Baada ya kitambo dirisha lilifunguliwa, na kichwa cha Ilhan kikatokea, kikiwa na jasho.

"Abaayo, Mungu akulipe. Nguo ya mteja ingeungua."

"Usijali," Shamso alisema, akaweka chaki mahali pake. "Teremka usome na wewe. Wiki hii nimekushinda."